Mji Uliobisha Hodi

Katika mji nilikozaliwa watoto hawaanzi kusema mama wala baba. Wanaanza na karibu. Sitanii, na asiyeniamini aje aone, atakaribishwa. Mgeni akipita tu barabarani huvutwa mkono, akakalishwa mkekani, akapewa chai asiyoiomba na chapati aliyokuwa akiitamani, na akiaga hushikwa tena mkono aambiwe ngoja kwanza, wali uko jikoni. Tuliishi kwa neno hilo. Tuliliandika juu ya milango, kwenye pindo za khanga, kwenye pande za vikombe. Jina lenyewe la mji nimelisahau, au mji ulilisahau kwanza nami nikafuata, lakini neno hilo silisahau, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mimi ni fundi wa milango. Baba alikuwa fundi wa milango, na babu kabla yake, na ziko asubuhi ninazoamka nikiwa babu. Mikono inakuwa yake, ina lile kovu la shoka kwenye kidole gumba, na nje ya dirisha hakuna mtaa. Pana miti mirefu iliyosimama karibu karibu mpaka mwanga unaingia kwa kubembeleza. Nakaa kitandani nikisubiri nirudi kuwa mimi. Wakati mwingine narudi kabla ya chai, wakati mwingine hata adhuhuri haijanirudisha. Mji wetu haukuwahi kuufundisha wakati kwenda mbele. Tuliuacha ukizunguka uani na kuku, ukidonoa hapa na pale, na jana ikiingia sebuleni hakuna aliyeshtuka.

Kilichonisumbua zaidi ni harufu. Ukipitisha randa kwenye mbao za zamani, zile zilizokatwa enzi za babu, inatoka harufu ya moshi na asali. Ubao mkavu, uliokauka kabla sijazaliwa, unanukia mzinga uliofunguliwa sasa hivi. Nikiinusa nashikwa na hamu ya kurudi mahali fulani, hamu nzito, ya kumfanya mtu mzima aweke randa chini na kufuta macho kwa mkono wa shati. Nilimweleza mke wangu Mwatime, Mungu amrehemu, mwanamke wa majibu mafupi. Akaniuliza, "Urudi wapi, na wewe hujawahi kutoka?" Swali hilo limenitesa kuliko ugonjwa wowote. Inakuwaje mtu apakumbuke kwa uchungu mahali ambapo hajawahi kupaacha? Nimekaa ndani ya nyumba hii hii nikiililia nyumba hii hii.

Sasa niwaeleze watu wa pembeni, maana bila wao sina cha kusimulia. Walikaa kwenye ukanda wa vichaka baada ya nyumba zetu za mwisho. Walikuwa na jina lao, ila hatukuwahi kuliuliza. Tuliwaita kwa jina la mahali tulipowasukumia. Zamani, kabla mji haujawa mji, walikaa hapa katikati, wakitundika mizinga kwenye ile miti mirefu, kila ukoo na miti yake. Kisha wakaja babu zetu na mashoka. Hakukuwa na vita, watu wetu hupenda kusema hivyo, kana kwamba kunatusafisha. Kila mti ulipoanguka wao walisogea kidogo, na miti ilikuwa mingi.

Miongoni mwao alikuwapo Sinduko, mwanamke wa rika langu, mkali wa ulimi, ambaye tangu utoto wetu alikuja karakana kuokota maranda. Hakuyataka yote. Alipita akinusa, akichagua yale ya mbao za zamani tu, akayashindilia kwenye mfuko na kwenda zake. Siku moja nikamuuliza ni ya nini. "Ya mto wa Mama," akasema. "Halali bila harufu ya kwao." Mama yake aliitwa Tolwa, kikongwe asiyeona vizuri, mnusa ugoro, mpenda umbea kuliko chakula, na ukimletea habari ya ndoa iliyovunjika anakushika mkono usiondoke. Nilimcheka kidogo, mtu wa kulalia maranda. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ninayanusa nikiwa macho.

Ikaja siku mji ulipoona aibu. Sijui aibu ilitoka wapi. Huenda nayo ilikuwa ikizunguka uani miaka yote, ikaamua kuingia ndani. Hamduni, Mkuu wa Mji, mtu mnene mwenye moyo mzuri na hotuba ndefu, alitangaza kwamba tutapatana na watu wa pembeni, na tutapatana kwa njia tunayoiweza. Tukachinja. Tukapika pilau, harufu yake ikavuka mpaka vichakani. Kwenye lango la uwanja tukatundika kitambaa kirefu chenye herufi nyekundu, KARIBUNI SANA, na mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Walikuja wote, Tolwa akiwa mgongoni kwa mjukuu wake. Walipofika langoni Sinduko akamsomea mama yake kilichoandikwa. Tolwa akauliza kitu, Sinduko akarudia. Basi wakageuka, wazee na watoto, bila kelele, wakarudi walikotoka. Hamduni alibaki amefungua mikono kama mtu anayepima kitambaa. Pilau ikapoa, na tulipoila hakuna aliyeisifia.

Tulikasirika, sitaficha. Watu gani hao wanaokataa karibu? Tungeweza kusamehe matusi, lakini kukataliwa chakula kulituuma pale pale tulipojivunia. Kesho yake, au siku iliyojiita kesho yake, Sinduko akaja kuchukua maranda yake kama kawaida.

"Mmetuvunja moyo, dada," nilimwambia bila kuinua kichwa.

"Pole, Fundi."

"Nyama ilikuwapo. Heshima ilikuwapo. Mlikosa nini?"

Akaketi juu ya gogo, mfuko magotini. "Nikikuuliza kitu hutakasirika?"

"Nitakasirika, lakini uliza."

"Umerudi kwako jioni. Umemkuta mtu usiyemjua amekaa kwenye kiti chako, anakula kwenye sahani yako. Anakutazama, anatabasamu, anakwambia karibu ndani, usione haya. Utamjibu nini?"

Randa yangu ilisimama katikati ya ubao.

"Kila mkisema karibu," akaendelea, sasa kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "mnatwambia sisi ni wageni. Mnasema kwa mapenzi, najua. Ndiyo maana kunauma. Mama alisema, kamwambie yule mtu wa ngazi kwamba mimi sikaribishwi kwangu."

"Sasa anataka nini? Ardhi?"

"Ardhi anaitaka, nani asiyeitaka? Hilo tutalizungumza, na hatutaliacha, usije ukafikiri. Lakini yeye mwenyewe, kabla hajafa, anataka ampokee mgeni nyumbani kwake. Basi. Mara ya mwisho kupokea mgeni pale alikuwa msichana. Mgeni alisimama mbali, akangoja, akaitwa, akapewa maji na asali. Alikuwa kijana mpole, anasema Mama. Alikuwa amebeba shoka."

Nilitazama kidole gumba changu na kovu lilikuwa pale. Nilikumbuka ladha ya ile asali. Ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni, asali ya maua ya mti ambao haupo tena duniani, na msichana aliyenipa alikuwa akijaribu kutocheka kwa sababu nilikuwa nimejipaka kidevuni. Kisha nikarudi kuwa mimi, na Sinduko alikuwa akinitazama.

"Nyumbani kwake ni wapi?" niliuliza, ingawa nilishajua.

Akagonga sakafu kwa kisigino. "Jiko lilikuwa hapo ulipoweka meza yako ya randa."

Baada ya Sinduko kuondoka sikufanya kazi tena. Nilifikiria milango yote niliyoitengeneza, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa sikuwahi kuifikiria kutoka upande wa nje. Watu wanatafuta nguvu kwenye bunduki na kwenye viti virefu, lakini nguvu ninayoijua mimi inakaa mahali padogo sana, kwenye ulimi wa yule aliye ndani mtu anapobisha. Anaweza kusema karibu. Anaweza kusema njoo kesho. Anaweza kunyamaza na kuendelea kumenya viazi. Aliye nje hana kitu ila sauti yake na subira yake, na ndiyo maana tunawafundisha watoto adabu ya hodi mapema: unaita mara tatu, unaacha nafasi kati ya wito na wito, na usipojibiwa unaondoka bila kuchungulia dirishani. Sisi, mabingwa wa karibu, tuliingia hapa bila kubisha. Au niseme tulibisha mara moja, kijana mmoja mwenye shoka, akajibiwa vizuri, akapewa asali, na wote waliomfuata wakadhani lile jibu lilikuwa lao. Tangu hapo tumekuwa tukiitikia hodi za watu katika nyumba ambayo hatukuitikiwa sisi. Nikajiuliza, je, hamu yangu ni hiyo? Labda mtu hawezi kufika mahali alipoingia bila kuitikiwa. Anakaa humo maisha yake yote, anazaa, anazika, na bado yuko njiani.

Niliyapeleka maneno hayo kwenye mkutano wa mji. Niliyasema vibaya, nikijikwaa, maana nimezoea kuongea na mbao. Hamduni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko cha mtu anayetaka wenzake wamsaidie kucheka.

"Kwa hiyo unatutaka nini, Fundi? Tufungashe mizigo, mji mzima, tukasimame kule vichakani, watu wa pembeni waingie humu, halafu tubishe hodi kwenye mji wetu wenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Bi Kombo, muuza mihogo, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, akasema, "Ee. Hivyo hivyo ulivyosema."

"Mimi nilikuwa nafanya mzaha, Bi Kombo."

"Najua, Mheshimiwa. Lakini umesema vizuri."

Mwalimu Shekue akasimama. Alikuwa mtu wa kupima mambo. "Na wasipojibu? Hodi ni tatu. Usipojibiwa unaondoka. Hatuwezi kubisha kwa kuigiza, huku mfukoni tuna ufunguo."

"Tuondoke twende wapi?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Bi Kombo hakugeuka. "Hata wao hawakujua waende wapi," akasema, akaendelea kujipepea.

Sijui tulibishana muda gani. Nywele za Hamduni zilikuwa nyeusi tulipoanza, na tulipomaliza zilikuwa na mvi, kisha zikawa nyeusi tena. Wapo waliosema tuwape watu wa pembeni mtaa mmoja yakaisha. Wapo waliosema tujenge mnara. Wapo waliolia. Mwishowe aliyekata shauri ni Hamduni mwenyewe, aliyekuwa muda wote akitazama viganja vyake. Alisema tangu siku ile ya uwanjani mikono yake haijafungika vizuri, bado anajiona ameifungua pale langoni, na yuko tayari kujaribu lolote.

Mimi nikajitwika kazi niliyoiweza. Nilichukua mbao za zamani zilizobaki, nikatengeneza mlango mmoja, mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, wa kusimamishwa mpakani ili tubishe juu yake. Nilichonga nyuki pembezoni. Sinduko alipouona aliuzunguka pande zote, akapitisha mkono juu ya wale nyuki.

"Mzuri," akasema. "Lakini sisi hatukuwa na milango, Fundi. Mgeni alisimama pale mizinga inapoanzia, akaita, akangoja."

Niliona haya mpaka masikioni. Nimekwenda kuomba msamaha na nimebeba desturi yangu mwenyewe begani. "Nifanye nini nao, basi?"

Akafikiri. "Mama hawezi kutembea," akasema. "Na mgongo wa yule mjukuu umechoka." Watu wake wakaulaza ule mlango chini, wakatandika maranda juu yake, wakamlaza Tolwa. Kikongwe akageuza uso, akanusa. Kisha akaanza kumsengenya jirani yake kwa sauti ya juu, na nikajua amestarehe.

Tulitoka asubuhi, wao wakiingia. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo tulipishana, na hakuna aliyejua aseme nini, maana neno letu la kila siku lilikuwa limepigwa marufuku kinywani. Tuliinamisha vichwa. Wao walipita, Tolwa akibebwa juu ya mlango wangu, wakitazama chini na juu, chini kwenye lami, juu mahali ambapo palikuwa na matawi.

Nimebeba randa. Nimebeba sufuria moja na picha ya Mwatime. Nimeacha mlango wazi, mimi niliyeishi kwa kufunga, na mikono inanikera, inataka kurudi kuusukuma. Mwatime angeuliza, unakwenda wapi, na ningemjibu, sasa natoka, mke wangu, ulisema sijawahi kutoka, basi tazama. Nimekuwa babu tena. Kidole gumba kinauma. Ila safari hii babu anatoka, na shoka hana, na miti inasimama nyuma yake mmoja mmoja kila anapoinua mguu. Nasikia mizinga. Ninapapenda pale mahali. Mungu wangu, ninapapenda, na sasa ndipo naruhusiwa kusema, kwa kuwa sipo.

Tulisimama vichakani, pale Sinduko alipotuonyesha, mizinga ilipokuwa ikianzia zamani. Mji ulikuwa mbele yetu, na kutoka pale ulionekana mdogo na wa ajabu, nyumba zote milango wazi. Watoto wetu walinyamaza wenyewe. Hamduni akasogea mbele, akavua kofia.

"Hodi," akaita.

Hakukuwa na jibu. Mbwa mmoja alipita katikati ya barabara, akaketi, akajikuna. Tukangoja kwa adabu. Ulikuwa ni muda wa mtu kumaliza alichoshika mkononi, au muda wa mtoto kukua, sikuweza kutofautisha.

"Hodi," akaita tena, na sauti ikamkatika.

Kimya. Niliwaona watu wakitazamana. Mwanamke aliyesimama karibu nami alikuwa akitaja kwa kunong'ona vitu alivyoacha ndani, kitanda, birika, cherehani, mti wa ndimu, kama mtu anayesoma dua. Hamduni akageuka, akatutazama, akatikisa kichwa. "Siwezi," akasema. "Nikiita ya tatu ikapotea, nimewapoteza wote." Hakuna aliyemlaumu. Shekue alitazama viatu vyake. Bi Kombo alinitazama mimi, na nilielewa, kwa sababu jiko la yule kikongwe lilikuwa chini ya meza yangu.

Nilifikiri nitakuwa na la kusema, miaka yote hiyo nikiongea na mbao. Nililipata neno moja tu; nikaweka sufuria chini.

"Hodi," nikaita.

Upepo ukapita. Mbwa akainuka akaenda zake. Tukangoja, na kungoja kukafika mwisho wake, kila mmoja akaujua. Hakuna aliyelalamika, na hilo nataka likumbukwe kuhusu mji wangu, hata kama jina lake halikumbukwi. Bi Kombo akainama, akajitwika kapu lake la mihogo. Shekue akamshika mtoto wake mkono. Nami nikaokota sufuria yangu, nikageuka, nikapiga hatua nikiyaelekea mashamba, na ile hamu yangu ya miaka yote ilinipanda kifuani ikanijaa mpaka nikashindwa kuona njia.

"Nani?"

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu mwenye ugoro puani, lakini ilifika. Tukasimama wote.

"Ni sisi, Bibi," Hamduni akajibu, akigeuka haraka.

"Nyinyi nani?"

Hamduni akafungua kinywa. Nilimwona akitafuta, Mkuu wa Mji, wananchi wa mji, majirani zako, wenyeji, na kila jina alilolishika liliteleza, kwa kuwa yote yalikuwa yameachwa kule ndani pamoja na birika na vitanda. Alinigeukia. Kinywani mwangu nilisikia uchungu kidogo wa ile asali, mwishoni kabisa mwa ulimi, na nikajua jibu, na jibu lilikuwa dogo, na nilipolisema nilijisikia mwepesi.

"Wageni," nikasema.

Halafu nikasikia kitu kikikwaruza sakafu ya karakana yangu, mara moja, mara ya pili, pole pole, mkono wa mtu mzee aliyeketi, maranda yakisukumwa kuelekea mlangoni.

"Ngojeni," Tolwa akasema. "Kwanza nafagia."

Tukatua mizigo. Tukakaa juu yake, mji mzima, mikono magotini, kama wageni wanavyokaa, tukiusikiliza ule ufagio.